Uzito kwanza, ubavu pili, meno tatu: kuchagua matairi ya pikapu kwa safari za Ruti na Nakivale

Pikapu inayotoka Ruti, pembezoni mwa Mbarara nchini Uganda, asubuhi na unga, sabuni na mabati, kisha ikarudi jioni na matoke au mahindi, hupita barabara za aina tatu katika safari moja. Kwanza ni lami ya Mbarara na ya kuelekea Isingiro, ambako gari hukimbia na tairi hupata joto. Halafu ni moramu yenye kokoto kali hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mwisho ni njia za vijijini, upande wa Juru, Rubondo au kandokando ya Ziwa Nakivale, ambako mvua ikinyesha udongo hupanda hadi kwenye madigadi. Tairi linalofaa barabara moja tu kati ya hizo litakuletea taabu kwenye mbili zilizobaki.

Na taabu hiyo si ya mwenye gari peke yake. Nakivale ilianza kupokea wakimbizi mwaka 1958, na leo wanaishi humo watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Chakula chao, vifaa vyao vya ujenzi, na mara nyingine wagonjwa wao, husafiri kwa pikapu hizi. Juu ya mzigo mara nyingi huketi watu. Tairi la nyuma likipasuka gari likiwa kwenye kasi, hao ndio wanaorushwa kwanza. Kwa hiyo kuchagua tairi ni kazi ya kufanya kwa makini, hata kama muuzaji ana haraka.

Wanunuzi wengi huanza kwa kutazama meno. Tairi lenye meno makubwa linapendeza na linaonekana imara, lakini meno ndiyo jambo la tatu. La kwanza ni uzito ambao tairi linaweza kubeba, na la pili ni uimara wa ubavu wake. Fuata mpangilio huo na utanunua vizuri.

Anza na kibandiko cha mlangoni

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo yake. Kuna kibandiko kinachotaja saizi ya tairi na kiasi cha upepo ambacho mtengenezaji wa gari anakitaka. Magari mengi yaliyotumika Japani yana kibandiko cha Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka. Kama upepo umeandikwa kwa kPa, kumbuka kwamba kPa 240 ni karibu psi 35, kipimo kinachotumiwa na mafundi wengi wa upepo.

Hilux nyingi za kazi zina tairi la 205R16C, na zile za milango minne za bei ya juu zina 265/65R17. Land Cruiser za mzigo mara nyingi huvaa 7.50R16. Katika 265/65R17, tarakimu 265 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, R ni namna nyuzi zilivyopangwa ndani, na 17 ni inchi za rimu. Herufi C mwishoni mwa 205R16C inaonyesha kwamba tairi limetengenezwa kwa gari la mizigo.

Baki kwenye saizi ya kibandiko. Kuna tamaa ya kuvisha Hilux ya 205R16C matairi mapana ya 265/70R16 ili gari lisimame juu. Tairi hilo linahitaji rimu ya inchi 7 au zaidi, na rimu ya 205 kwa kawaida ni nyembamba kuliko hapo. Kimo chake kinazidi kwa kati ya asilimia 5 na 6, hivyo spidomita itakuonyesha mwendo mdogo kuliko ulio nao, injini itavuta kwa shida mlimani ukiwa umepakia, na tairi linaweza kukwaruza bodi kila unapokata kona. Tena tairi pana hukutana na mawe mengi zaidi njiani.

Uzito: tarakimu inayookoa maisha

Baada ya saizi, ubavuni kuna tarakimu na herufi, kwa mfano 110/108R. Tarakimu ya kwanza ni kipimo cha mzigo tairi likiwa peke yake upande wake. Ya pili ni kwa magari yenye matairi mawili mawili nyuma. Herufi ni kasi ya juu kabisa. Vipimo utakavyokutana navyo zaidi ni hivi:

- 100 ni kilo 800
- 104 ni kilo 900
- 108 ni kilo 1,000
- 110 ni kilo 1,060
- 112 ni kilo 1,120
- 116 ni kilo 1,250
- 120 ni kilo 1,400

Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170 na S ni 180. Kwa kazi yetu herufi yoyote kati ya hizo inatosha. Usikubali kulipia kasi huku ukipunjwa uwezo wa kubeba.

Sasa piga hesabu. Tuseme pikapu yako ikiwa tupu ina kilo 700 kwenye ekseli ya nyuma. Ukipakia tani moja ya matoke, na kilo 900 kati ya hizo zikalalia nyuma, ekseli hiyo inabeba kilo 1,600, yaani 800 kwa kila tairi. Tairi la kipimo 100 limefika mwisho wa uwezo wake kabla hujaingia shimo hata moja. Tairi la kipimo 110 lina akiba ya kilo 260. Akiba hiyo ndiyo inayopokea kishindo cha shimo, mzigo ulioegemea upande mmoja, na abiria aliyedandia njiani. Kwa pikapu ya tani moja inayofanya kazi ya kila siku, usishuke chini ya 108, na usiende chini ya kile gari lilichotoka nacho kiwandani.

Utaona pia maandishi kama 8PR au 10PR. Hayo hayamaanishi kwamba ndani mna tabaka nane au kumi. Ni kipimo cha nguvu kilichorithiwa kutoka enzi za nyuzi za pamba. Kwa mizigo, 8PR ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini kumbuka kwamba tairi lolote hubeba mzigo wake kamili likiwa na upepo kamili tu. Tairi la 10PR lenye upepo wa nusu huumia mapema kuliko la 8PR lililojazwa sawasawa.

Ubavu: mahali tairi linapofia

Kwenye moramu ya Isingiro, matairi mengi hufa kabla meno hayajaisha. Jiwe lenye ncha hukata ubavu, ukingo wa lami iliyomeguka huubana dhidi ya rimu hadi nyuzi zinakatika ndani na uvimbe unatokea nje, au mwiba wa mgunga unapenya. Sehemu inayokanyaga ardhi ina mikanda ya chuma. Ubavu wa matairi mengi ya pikapu una nyuzi za poliesta tu. Na fundi hawezi kuziba ubavu ukawa salama tena.

Watengenezaji wengi huandika ujenzi wa tairi kwa herufi ndogo ubavuni. Tafuta neno «SIDEWALL» na tarakimu inayofuata. Ikisema 2, kuna tabaka mbili za nyuzi. Ikisema 3, kuna tatu. Kwenye neno «TREAD» angalia kama mna chuma, na kama juu yake kuna nailoni. Nailoni hubana mikanda ya chuma isifumuke tairi likipata joto.

Tabaka tatu za ubavu zina gharama yake: tairi ni zito, gari tupu linarukaruka, na mafuta yanaliwa kidogo zaidi. Kama karibu kila siku unaingia Nakivale na mzigo, lipa gharama hiyo. Kama kazi yako ni kati ya Ruti na mjini Mbarara, na moramu unaigusa mara moja moja, tabaka mbili katika tairi la C zinatosha.

Tofautisha pia LT265/70R17 na 265/70R17 isiyo na herufi mbele. Saizi ni ile ile, ila lenye LT limejengwa kwa mzigo na linataka upepo mwingi zaidi. Mwambie muuzaji akuonyeshe herufi hizo kwa kidole, kwa sababu jina la tairi kwenye orodha ya bei linaweza kuwa moja kwa yote mawili.

Meno: chagua kwa kilomita zako

Matairi ya pikapu yamegawanyika katika aina tatu. H/T ni ya lami: meno yake ni mafupi, ni kimya, na yanashika vizuri kwenye lami yenye maji. M/T ni ya matope: meno ni makubwa na yameachana, ili yajisafishe yakizunguka. A/T iko katikati, kwa ajili ya lami, kokoto na matope ya wastani. Aina hii ilipata umaarufu baada ya kampuni ya BFGoodrich ya Marekani kuleta tairi lake la All-Terrain T/A mwaka 1976, na sasa karibu kila kampuni kubwa ina ya kwake: Yokohama Geolandar, Dunlop Grandtrek, Bridgestone Dueler, General Grabber, Maxxis Bravo na nyingine. Soma herufi kwa makini, maana majina kama Geolandar, Grandtrek na Dueler hubeba matairi ya aina zaidi ya moja.

Kwa safari yetu, A/T ndilo jibu la madereva wengi. M/T huchakaa upesi kwenye lami, hupiga kelele, na huchelewa kusimama mvua inaponyesha barabarani. Kwenye kokoto kavu, meno yake marefu hupinda, na hatimaye humeguka vipande vipande. Linamfaa anayeishi ndani kabisa ya vijiji na kusafiri kwenye udongo wa mfinyanzi kila siku kuanzia Machi hadi Mei, kisha tena Septemba hadi Desemba.

Unapotazama A/T dukani, angalia mambo manne. Kina cha meno kiwe karibu milimita 11 hadi 13 likiwa jipya. Meno ya katikati yawe yameshikana au karibu kushikana, ili yasichakae upesi kwenye lami. Chini ya mifereji kuwe na vinundu vidogo vya mpira. Hivyo husukuma nje mawe yaliyonasa kabla hayajachimba hadi kwenye chuma. Na meno ya pembeni yashuke kidogo juu ya ubavu, kwa kuwa hapo ndipo tairi linajikinga na jiwe na ndipo linashika ukingo wa mkondo wa matope.

Alama ya mlima wenye vilele vitatu na theluji ndani yake ina maana kubwa Kanada na Norwe. Huku kwetu Ankole haikuongezei kitu, basi usiilipie.

Hata A/T bora lina mpaka. Udongo mweusi wa karibu na ziwa ukishalowa, mifereji hujaa na tairi linakuwa kama halina meno. Hapo suluhisho ni kupunguza mzigo, kupunguza upepo, au kungoja jua. Hakuna pesa utakayomlipa muuzaji itakayobadilisha hilo.

Umri: tairi jipya linaweza kuwa zee

Zamani Afrika Mashariki ilijitengenezea matairi. Arusha kulikuwa na kiwanda cha General Tyre, na Nairobi kampuni ya Sameer ilitengeneza Yana hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2016. Tairi la pikapu unalonunua Mbarara leo kwa kawaida limevuka bahari, likakaa bandarini, likasafiri kwa lori na kulala ghalani. Muda wote huo mpira unazeeka, hata kama haujagusa barabara.

Tafuta neno DOT ubavuni, kisha tarakimu nne za mwisho. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Kama upande mmoja hauna tarakimu hizo, geuza tairi. Mara nyingi huandikwa upande mmoja tu. Nunua lenye umri usiozidi miaka 2. Likifika miaka 5, likaguliwe na fundi kila mwaka. Likifika 10 liondoe, hata kama meno yamejaa. Na spea ihesabiwe vivyo hivyo, kwa kuwa jua na vumbi vinaifikia pale chini ya bodi.

Tazama pia herufi E au e ikiwa ndani ya duara au kisanduku, pamoja na namba, ishara kwamba tairi limepimwa kwa kanuni za Ulaya. E4, kwa mfano, ni kibali kilichotolewa Uholanzi. Tairi lisilo na DOT wala E liache pale pale.

Mtumba na meno ya kuchongwa

Wapo watakaonunua tairi la mtumba kwa sababu mfuko hauruhusu jingine. Basi nunua kwa macho. Upinde ubavu kwa vidole gumba: nyufa nyembamba zikifunguka, mpira umekufa. Pitisha kiganja ndani. Ukikuta unga mweusi au mkwaruzo unaozunguka ubavu wote, tairi hilo lilikimbizwa bila upepo na nyuzi zake zimekatika. Linaweza kupasuka wakati wowote. Hesabu viraka. Kikiwepo kimoja karibu na bega la tairi, lirudishe.

Hatari kubwa zaidi ni tairi lililochongwa upya kwa kisu cha moto ili kipara kionekane na meno. Mpira uliochongwa ni ule uliopaswa kulinda chuma. Njia ya kumgundua mchongaji ni hii: chini ya mifereji ya tairi halisi kuna vizingiti vidogo, na begani kuna herufi TWI zinazoonyesha vilipo. Vizingiti hivyo vina kimo cha milimita 1.6, na meno yakiwa sawa navyo tairi limekwisha. Ukiona mifereji mirefu isiyo na vizingiti, au vizingiti vilivyokatwa, tairi limechongwa. Kwa moramu na matope, usingoje milimita 1.6, badilisha zikibaki 3.

Bei: gawanya kwa kilomita

Bei ya dukani ni nusu ya hesabu. Chukua mfano, ambao si bei ya soko: tairi la shilingi 450,000 linalodumu kilomita 30,000 linakugharimu shilingi 15 kwa kilomita. La shilingi 700,000 linalodumu kilomita 60,000 linakugharimu chini ya shilingi 12. Ongeza siku ambazo gari lililala njiani na matoke yakaiva juani, na tofauti inazidi. Andika kwenye daftari kilomita ulizofunga nazo kila tairi. Baada ya seti mbili, daftari lako litakuwa mshauri bora kuliko muuzaji yeyote.

Ukiweza, nunua matano ya aina moja ili spea iingie kwenye mzunguko. Ukiweza mawili tu, yafunge nyuma. Usichanganye vimo kwenye gari la 4x4: tairi la mbele likiwa fupi kuliko la nyuma, gia zinavutana kila unapoingiza 4x4, na gharama ya kuzitengeneza ni kubwa kuliko ya tairi.

Upepo na matunzo

Pima upepo asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe. Ukipakia mzigo kamili, jaza matairi ya nyuma kiasi ambacho kibandiko kinataja kwa mzigo, bila kuzidi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Ukikwama matopeni unaweza kushusha hadi psi 20 hivi gari likiwa jepesi, uende polepole, kisha ujaze kabla ya kurudi lamini. Tairi lenye upepo mdogo, mzigo mkubwa na kasi ya lami hupikika kwa ndani, na ndipo mikanda inapofumuka.

Madereva wa nyikani Australia wana kanuni nzuri. Pima tairi likiwa baridi, kisha pima tena baada ya saa moja ya safari. Ikiwa psi imepanda zaidi ya 6, upepo ulikuwa mdogo kwa mzigo na mwendo ule: simama, liache lipoe, ongeza. Ikiwa haikufika 4, ulijaza kupita kiasi, na tairi gumu hukatwa na mawe kwa urahisi zaidi. Usitoe upepo kwa sababu tu tairi lina moto.

Pancha ya katikati, yenye tundu lisilozidi milimita 6, inaweza kuzibwa. Mwombe fundi alivue tairi na kulibandika kiraka kwa ndani. Kamba ya kuchomekwa kwa nje ni ya kukufikisha kwake tu. Usikubali tyubu iwekwe ndani ya tairi la tyubulesi lililokatika ubavu, maana tyubu haiwezi kubeba mzigo ambao nyuzi zimeshindwa. Kila kilomita 10,000 hivi, zungusha matairi mbele na nyuma na uombe alainimenti ikaguliwe. Baada ya kufunga gurudumu lolote, kaza nati tena ukishatembea kilomita 80 hadi 100.

Ukifika dukani

1. Taja saizi ya kibandiko na kipimo cha mzigo, kabla ya jina la kampuni.
2. Soma mwenyewe DOT, TWI, tabaka za ubavu na herufi LT au C.
3. Linganisha matairi mawili ya mzigo ule ule kwa bei ya kila kilomita, kisha ndipo utazame meno.
4. Hakikisha tarehe za matairi yote unayonunua zinakaribiana.
5. Dai valvu mpya, balansi na risiti yenye saizi na tarehe ya DOT.
6. Rudisha spea nzima mahali pake, ikiwa na upepo, pamoja na jeki na spana inayoingia kwenye nati zako.

Muuzaji akikuharakisha, mwambie utarudi kesho. Tairi utakaa nalo kwa miaka kadhaa, na watu watakaoketi juu ya mzigo wako hawatapewa nafasi ya kulikagua. Wewe ndiye unayelikagua kwa niaba yao.